Kistari

Kompyuta kumi na moja zilifika Tash-Bulak
siku ambayo wino uliganda ndani ya kalamu,
zimefungiwa mablanketi kama wagonjwa
nyuma ya lori la makaa.
Kumi na mbili, ilisema barua.
Dereva hakuulizwa.

Zilitoka Naryn, kwa kampuni ya mikopo,
ile yenye mlango wa kioo.
Wao wamenunua mpya. Hizi wametupa.
Neno hilo lisome upendavyo:
wametupa sisi,
au wametupa tu.

Bi Burulcha alikata utepe kwa mkasi wa kunyolea kondoo.
Afisa akapigwa picha, akanywa chai,
akaiwahi theluji njiani.
Mimi, mwalimu wa jiografia,
nikakabidhiwa ufunguo na somo nisilolijua.

Nilizipangusa usiku. Chini ya vibonye
makombo ya mkate wa watu waliokula huku wakihesabu.
Kibonye cha sifuri kimelika hadi kung'aa:
sifuri nyingi zimepita hapo.
Moja ilikuwa na kibandiko, *Usiguse, Uhasibu*,
na watoto, wana adabu hawa,
hawakuigusa wiki nzima.

Umeme wetu ukichemsha birika, vioo vinafifia.
Basi tunawasha nne, watoto watatu kiti kimoja,
wanapumulia vidole, jiko likila samadi kavu.
Nikasema, hii inaitwa panya.
Tilek akauliza paka amefungiwa wapi.

Halafu ile Alhamisi.
Aizirek wa Toktosun, miaka kumi na miwili,
mtoto wa kujibu swali kwa nyusi,
akafungua faili ambalo mjini walisahau kulifuta.
Walikuwa na haraka ya kutoa.
Majina, vijiji, tarakimu.
Akasoma polepole, midomo ikicheza,
hadi mstari wa mia mbili na sita:
*Toktosun. Tash-Bulak. Ng'ombe 2. Imefungwa.*

Naikumbuka siku walipoifunga.
Wanaume wawili, viatu vipya, matope ya Aprili.
Mama yake aliing'ang'ania kamba
mpaka ikamchana kiganja.
Najua, kwa sababu dirisha langu linatazama zizi lao.
Najua pia kwamba nilivuta pazia.

Nikanyoosha mkono nizime.
"Ngoja, mwalimu."

Hakulia. Hakufuta,
na kufuta nilishawafundisha, somo la pili.
Aliweka kishale mbele ya ile mbili
akaanza kudonoa kwa kidole kimoja,
kuku na punje:
*Sarala*. Mkato.
Kisha akakwama.

Wa pili alikuwa Kök, yaani kijivu,
na herufi yetu ile, duara lenye kistari tumboni,
haimo kwenye vibonye. Mashine zilikuja na Kirusi tu.
Akabonyeza duara tupu. Akalitazama.
"Huyu siye," akasema.
Akachomoa kalamu mfukoni, akaipumulia wino uyeyuke,
akachora kistari
juu ya kioo chenyewe.

Darasa zima kimya. Jiko likapasua kijinga.
"Sasa ndiye."

Tangu siku hiyo, tukiisogeza orodha,
Sarala na Kök wanapanda, wanatokomea juu,
lakini kistari hakiendi popote.
Kinangoja palepale, saizi ya punje ya shayiri,
na majina ya watu nisiowajua
yanapita chini yake moja moja,
mengine yakikatwa shingo,
mengine yakipigiwa mstari,
kama wanaokaguliwa na mtoto.

Mwezi Mei wanakuja kukagua zawadi yao.
Bi Burulcha amenipa spiriti na kitambaa safi.
Viko mezani.
Spiriti inapungua yenyewe,
kizibo hakikazi.